Misipresi ya Niboye

Médiatrice aliupenda ua wake kabla haujakuwapo. Akishona mbele ya mlango wake, pale Niboye, aliinua macho kutoka kwenye cherehani na kuuona umesimama ukingoni mwa kiwanja: ukuta wa majani mabichi usiojua kiangazi, wenye harufu ya mvua hata jua likiwaka. Kisha uzi ulikatika, na mbele yake pakabaki udongo mwekundu na barabara.

Yeye na mumewe, Niyongabo, waliletwa Rwanda wangali watoto, mwaka 1972, wazazi wao walipoikimbia Burundi. Walikulia katika nyumba za kupanga. Kiwanja hiki kilikuwa cha kwanza kuitwa chao. Lakini sasa ilikuwa 1993, na baada ya uchaguzi wa kule kwao wakimbizi wenzao walikuwa wanafunga mizigo. Niyongabo naye alianza kuitaja Ngozi, mji wa kwao, kila jioni, kwa sauti ya chini, kama jina la mgonjwa aliyepata nafuu.

Ndiyo maana ua ulikuwa neno zito. Niyongabo alitaka miyenzi, ile mimea ya utomvu mkali: unakata tawi, unachomeka, linashika. Hata mtu anayehama mwakani anaweza kupanda miyenzi. Médiatrice alitaka misipresi, miti isiyo na haraka ya kukua.

"Misipresi ni ya mapadri," jirani yao Nyirarukundo alimtania. "Tutakuja kwako kuungama, Mama Uwase?"

"Njoo. Ila wewe utanimalizia siku nzima ya kushona."

Niyongabo hakucheka. "Itatufunika lini, hiyo miti?"

"Uwase akiwa bibi harusi." Binti yao alikuwa bado anatambaa.

"Na tukiwa Ngozi?"

"Wewe utakuwa Ngozi," alisema, macho kwenye sindano. "Mimi nitakuwa hapa, namwagilia."

Mvua za Septemba zilipoanza, alinunua miche kwenye kitalu cha masista, akaiacha kivulini, akaenda kupeleka gauni la mteja. Aliporudi alimkuta mumewe ana tope hadi magotini. Alikuwa ameipanda yote upande wa barabara, imebanana kama matawi ya miyenzi.

"Baba Uwase, hii ni miti. Itakabana koo."

Niyongabo aliitazama. "Mkono umezoea miyenzi."

"Ng'oa mmoja, acha mmoja."

Waliing'oa pamoja na udongo wake. Nusu ya miche ikalala juu ya gunia, na manyunyu yakaanza kuilowesha. Médiatrice alisubiri, akiogopa kuuliza itakwenda wapi.

Niyongabo aliikumbatia yote, akaipeleka upande wa Nyirarukundo.

"Huku tuache wapi icyanzu?" aliuliza. Alimaanisha kile kipenyo cha ua ambacho majirani hupitia kuombana moto.

Médiatrice alimwonyesha kwa kidole. "Kiwe kipana kidogo. Yule mama amenenepa."

Niyongabo alikipima kwa mabega yake mwenyewe, akaongeza shubiri moja, akaanza kuchimba.