Mbuzi wa Barazani

Anayetaka kunicheka anicheke, lakini nyumba ile ya kupangisha hapa Morogoro niliijenga kwa mikono yangu, juu ya kiwanja cha ukweni. Wapangaji ni wajenzi wa reli ya Mdachi. Juzi nikamkuta mzee nisiyemjua barazani, kafunga mbuzi kwenye nguzo. Nikajua ni mgeni wa mpangaji. Shikamoo sikumpa.

“Kwangu hakufugwi mbuzi! Toka!”

Mke wangu, Mluguru, akatoka mbio. “Shikamoo, mjomba!”

Mjomba wake wa Mgeta, kule milimani! Kwao ardhi ni ya ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli.

“Mkwe, mbuzi nilikuletea wewe,” akasema mzee. “Sasa bomoa nyumba yako, uniachie kiwanja.”

Wapangaji wote wakanitazama.

“Nitabomoa,” nikamjibu. “Ila mbuzi wangu mwache.”