Ngata ya Lusia

Mimi ni mtu wa sofa. Desemba ya Stockholm, jua likizama saa tisa alasiri, hunitoi nyumbani kwetu Hallonbergen bila sababu nzito. Mwaka ule sababu ilikuwa binti yangu. Darasa lilimchagua awe Lusia, mtakatifu wa tarehe kumi na tatu, atangulie wenzake kwenye maandamano ya nyimbo shuleni, kwa kanzu nyeupe na taji la mishumaa kichwani. Mishumaa ilikuwa ya betri, lakini kwenye misuko yake mipya taji liliteleza hadi puani.

"Litaanguka mbele ya shule nzima," alilia kwa Kiswidi.

Jirani yetu, mama kutoka Burundi, aliuliza huyo Lusia alivalia mishumaa nini. Nikajibu kama padri: inasemekana aliwapelekea chakula Wakristo waliojificha mapangoni, mikono imejaa, basi taa akaiweka kichwani.

"Eh, dada! Mtu anabebaje kitu kichwani bila ngata?"

Tukatazamana. Nikachana leso yangu kuukuu, jirani akaiviringa ikawa ngata, tukaibana juu ya misuko na kukalisha taji juu yake.

"Mama, Lusia havai kitambaa!"

"Wangu anavaa. Tembea."

Akatembea, akainama, hata akaruka. Taji likatulia.

Asubuhi ukumbini aliingia polepole, viganja vimekutana kifuani, akiimba. Hakuligusa taji hata mara moja. Aliyeshika kichwa mwanzo hadi mwisho ni mimi.