Mkutano wa Kufunga Mwamba wa Pweza

Mikutano ya siasa nimehudhuria mingi, Gombani na kwengineko, nikashangilia hata nisichokielewa. Lakini ulionikaa moyoni ni wetu wenyewe, hapa Kisiwa Panza, wa kufunga mwamba wa pweza. Kufunga maana yake asiguse mtu, miezi mitatu, pweza wakue. Mie kusoma sikufika mbali, lakini hilo niliona lina akili. Pweza tuliokuwa tukiwaleta siku hizo, kwa udogo wao, hata paka angewasusa, na paka wa hapa si wachaguzi.

Dada yangu ni mjane. Maji yakitoka hushuka mwambani kwa miguu na kijiti chake kuchokoa pweza, na hicho ndicho chungu chake. Sheha, mkuu wetu wa kijiji, alipouliza nani ana neno, akasimama mbele ya wanaume wote.

"Nyie wenye vyombo mtakwenda kuvua mbali. Mie miezi mitatu nile mchanga?"

"Utakula subira, bi dada," mmoja akamrushia. Watu wakacheka.

"Subira kampikie mkeo!" Wakacheka zaidi.

Nikadhani yameishia hapo. Mara akanyanyuka jirani yetu mmoja, mwenye mashua. Tangu uchaguzi, huyo na dada yangu hawapeani hata salamu kwa ajili ya vyama. Kwetu siasa huingia mpaka kwenye maziko, na mie sijifichi, nami nimo. Akasema bila ya kumtazama:

"Anachosema ni kweli. Upande wa ndani, karibu na pwani, tuuwache wazi kwa wanaokwenda kwa miguu. Sisi wenye vyombo tusiukanyage."

Basi maneno yakarefuka mpaka adhana ya alasiri ikatukuta. Tuliporudi kutoka msikitini, sheha akataka wanaokubali mwamba ufungwe, upande wa ndani ubaki wazi, wanyanyue mikono. Dada yangu akanyanyua wake, na wa jirani ulikuwa juu vilevile.

Miezi ile dada yangu alipata pweza wadogo wadogo, lakini chungu kilichemka. Siku ya kufungua mwamba, wallahi, kina mama walipanda kutoka pwani ndoo zimewaelemea. Mnunuzi kutoka mjini Chake akataja bei. Zamani dada yangu angepokea chochote, maana mwenye njaa hana ubavu wa kupatana. Safari hii akafunika ndoo yake.

"Kaa kwanza, mwanangu, unywe chai," akamwambia. "Halafu useme tena."