Mtaa wetu Kolwezi ulivyochunguza kwa nini "wageni" wanaiba

Wakuu, heshima yenu popote mlipo. Siongezi chumvi hapa, na asiyeamini aje huku Kolwezi, Kongo, nimwonyeshe nguzo ya umeme yenyewe.

Mimi ni Mtanzania, mwenyeji wa Mbeya, fundi wa malori. Nimepanga mtaa wa Kapata, zile nyumba za safu walizojengewa wafanyakazi wa mgodi zamani.

Mwenye nyumba wangu ni Mzee Kasongo, huku tunamwita Tata Kasongo, mstaafu, mtu wa kanisa, anayeheshimika mtaa mzima.

Jirani yangu wa ukuta mmoja alikuwa Kalala, kijana kutoka Kasai, mkoa mwingine wa Kongo hiyohiyo, aliyekuja kuchimba kobalti kwa mikono. Mkewe, Mama Ngalula, anauza mkaa. Watu wapole kabisa.

Sasa waya wa umeme wa mtaa ukaibiwa. Giza nyumba zote.

Ikaitishwa meeting. Nilidhani tutatafuta mwizi. Kumbe tulikuwa tunatafuta nadharia.

Tata Kasongo akafungua: "Bantu ba Kasai, kwiba iko mu damu yabo. Mi niliishi nabo, mi najua."

Akasimama mwalimu mmoja, miwani puani. "Non, Tata. Damu ni ya bantu bote. Ile ni culture. Banakomea, banakulia mule."

Watu wakapiga makofi. Wakuu, mnaona tofauti? Kwa wa kwanza, Kalala ni mwizi tangu tumboni. Kwa msomi, alianza baadaye kidogo.

Mama Ngalula akasimama. "Bwana yangu anafukuzwa ku mgodi kila siku, kazi hakuna. Lakini hatuyaibake kitu ya muntu. Nani alituona?"

 Mwalimu alisema swali hilo linatutoa kwenye mada.

Mtu mmoja akauliza, "Na huyu Mutanzania?"

Tata Kasongo akanitetea: "Batanzania habaibake. Banadanganya mu bei tu." Na mimi, bila aibu, nikatikisa kichwa kushukuru.

Uamuzi: Kalala na familia yake wahame kabla ya Jumapili.

Jumamosi mchana nikawa nawasaidia kutoa vyombo nje. Mama Ngalula anafunga sufuria kwenye shuka. Kalala anauliza bei ya mkokoteni kwa sauti ndogo, kama mtu aliyefiwa.

Mara mtaani shangwe! Fundi wa umeme amekuja. Yuko juu ya nguzo, ovaroli safi, helmeti, miwani nyeusi, kitambaa puani.

Akina mama wakampelekea maji. Mwalimu akasema, "Munaona? Muntu wa kazi unamujua kwa macho tu."

Tata Kasongo mwenyewe akamshikia ngazi.

Kumbe kwenye boksi la juu kulikuwa na nyuki.

Wakuu, yule bwana alitupa helmeti, akatupa miwani, akateleza na ngazi mpaka chini. Mfuko wake ukapasuka, waya wa shaba ukamwagika barabarani. Alikuwa anakata uliobaki.

Uso umeshaanza kuvimba, lakini tulimtambua wote. Papy, mtoto wa Tata Kasongo. Amezaliwa Kapata, ana kazi ya kudumu mgodini, anakula kwa mama yake.



Tata Kasongo akakaa chini, kwenye vumbi. "Mutoto yangu... ni mawazo tu. Alidanganywa na barafiki."

Hata mwalimu akaongeza kwamba vijana siku hizi wana stress.

Mama Ngalula akaweka shuka lake chini, akamsogelea mzee taratibu. "Tata, nauliza kwa heshima. Hii ya Papy ni damu, ao ni culture?"

 Nilimwonea mzee huruma, sitaki kudanganya. Ni mtoto wake.

Baadaye akasema, "Mama, mubakie. Mutusamehe."

Kalala akajibu, "Tulisamehe, Tata. Lakini tunaenda." Wakaondoka kwenda Dilolo, mpakani na Angola, kujaribu biashara. Wakifika huko nao watakuwa wageni upya.

Papy hakufukuzwa mtaa. Alipakwa dawa, akaombewa.

Somo nililopata: mgeni akishukiwa, linashtakiwa kabila zima. Mwenyeji akikamatwa, anashtakiwa shetani. Umaskini unaweza kumfanya mtu aibe, sibishi, ila huyu wetu alikuwa na mshahara.

Jioni nikampigia kaka yangu Mbeya, nikamsimulia yote mpaka mwisho. Akasikiliza kwa makini kabisa, halafu akashusha pumzi.

"Mdogo wangu, rudi nyumbani. Hao Wakongo wizi uko kwenye damu."

Haya wakuu, uwanja wenu. Ila anayetaka kuandika "kabila fulani", kwanza ataje jina la mwizi wa kwao.