Shati la Picha ya Shule

Fundi cherehani jirani yangu bado anatumia pasi ya mkaa, na kila inapogusa kitambaa chenye maji, harufu yake hunirudisha Rumonge, kwetu Burundi, chumbani kwa mama.

Kaka yangu alikuwa darasa la mwisho la sekondari, wa kwanza katika ukoo wetu kufika huko. Kesho yake wangepigwa picha shuleni. Mama alitandaza mashati mawili kitandani: jeupe la shule, na la buluu alilotuachia marehemu baba.

"La baba litanipwaya," kaka alisema.

"Utalijaza, mwanangu. Sura yako ni yake."

Kaka akanigeukia. "Wewe unaonaje? Lipi iko nzuri?"

Nilionyesha la buluu. Mama akalipunguza mabega kwa sindano, akalipiga pasi mara mbili. Asubuhi kaka alitoka akiwa ameitanua mikono ili asilikunje, nasi tukamcheka mpaka akapotea kwenye michikichi.

Hakurudi. Tuliambiwa askari, waliokuwa wakiwasaka wasomi wa kabila letu mwaka ule, waliwapakia wanafunzi wakubwa kwenye lori. Mama alikwenda shuleni, kambini, hata Bujumbura, kote walimfukuza.

Miezi ilipita ndipo mpiga picha alipofika kwetu, kofia mkononi.

"Amahoro, mama. Unisamehe, picha sikuipiga. Walichukuliwa wakiwa bado kwenye mstari."

Mama alimpa kiti, akaketi mbele yake.

"Lakini ulimwona? Shati lilimkaa vizuri?"

"Lilimkaa, mama. Alipendeza kuliko wote."

"Murakoze," mama akamshukuru, akajifunika uso kwa kitenge.