Sanduku la Jeki Lilikuwa na Viatu vya Dada

Kitu cha kwanza nilichokiona asubuhi ile ni kufuli.

Tundu la ufunguo lilikuwa linatazama juu.

Mimi nikifunga sanduku, tundu hutazama chini, ili vumbi na mvua visiingie. Ni mazoea tu, hakuna aliyenifundisha. Lakini ufunguo ulikuwa mmoja, nao ulikuwa shingoni mwangu, kwenye uzi. Sasa nani kaligeuza?

Nikaligeuza likakaa sawa, nikapanda gari.

Kabla jua halijafika utosini, nilikuwa nimesimama kando ya barabara, mlimani, nimefungua sanduku lile lile kutafuta jeki. Nikakuta viatu. Vyekundu, vya kisigino kirefu.

Vya dada yangu.

Ngoja nianze vizuri.

Tulikuwa watatu. Baba Mdogo, yaani mdogo wake marehemu baba yetu, ni fundi wa mashine za kushonea. Yeye hashoni. Anatengeneza mashine za wanaoshona. Duka lake ni trela, kijumba cha mabati chenye magurudumu mawili kinachovutwa na pikapu kuukuu.

Ndani ya trela, mbele kuna kitanda chetu, mimi na dada. Nyuma kuna meza ya kazi na mashine za watu, zimefungwa kamba zisigongane. Baba Mdogo alikuwa akilala kwenye pikapu, miguu nje ya dirisha. Tunafika mji, tunakaa wiki mbili, mashine zikipona tunaondoka.

Mimi shule niliiacha darasa la tano. Naandika kama ninavyoongea, na kuongea kwenyewe siongei. Mteja akiniuliza jambo, namtazama dada.

Mama mmoja aliwahi kumuuliza Baba Mdogo, "Fundi, huyu binti ulimnunua bila betri?"

"Betri anazo," Baba Mdogo akasema. "Anazitunza."

Tangu hapo akaniita Kimya. Sikuchukia.

Dada ndiye alikuwa mdomo wangu. Ananiombea maji kwa majirani, anabishana na wauzaji kwa niaba yangu. Mwaka aliofariki mama, tukiwa tumelala mzungu wa nne, kichwa changu huku na chake kule, aliniambia kutoka miguuni, "Atakayeondoka kwanza anamchukua mwenzake. Sawa?"

"Sawa," nikasema.

"Apa."

Nikaapa. Naye akaapa.

Sasa sanduku.

Zamani vifaa vya dharura vilikaa chini ya kitanda. Siku moja tairi likaisha upepo, mvua inanyesha. Tulitoa godoro, tukatoa mashine mbili, tukatoa ndoo, tukatoa na sufuria, ndipo tukaiona jeki. Baba Mdogo alilowa mpaka soksi.

Siku hiyo mimi nikaongea.

"Baba Mdogo, vikae nje."

"Nje wapi?"

Nikanyoosha kidole. Maneno yalikuwa yameisha.

Akamtafuta fundi wa kuchomelea. Sanduku la bati likafungwa ubavuni mwa trela, upande wa majani, siyo upande wa magari. Urefu wa kiuno. Unashuka, unafungua, hupandi, huinami, wala hugongwi.

Kupanga nikapanga mimi. Kinachotangulia kuhitajika kinakaa mbele: zile pembetatu nyekundu za kuonya magari. Halafu kabari nne za mbao za kuzuia magurudumu. Halafu spana ya nati za tairi. Jeki mwisho, na kibao chake cha kuikalisha kwenye udongo laini. Tochi na glavu mlangoni.

Majina ningeweza kuyaandika, kwa kuumwa kichwa. Nikaona nichore. Nililaza kila kifaa kwenye ubao, nikakizungushia mstari kwa rangi ya kucha ya dada. Kifaa kikitoka, mchoro unabaki mtupu unakukodolea macho.

Dada alinishikia jeki isisogee. Chupa nzima ikaisha.

"Kucha zangu zimehamia kwenye sanduku," akasema. "Nikitaka kupendeza nije nisimame hapa?"

Tulicheka mpaka Baba Mdogo akaja kuuliza kuna nini.

Akaliangalia sanduku kwa muda mrefu. Akachomoa jeki, akairudisha kwenye mchoro wake. Akachomoa tena.

"Mwaka mmoja," akasema. "Litunze mwaka mmoja bila kasoro, nakukabidhi bisibisi. Nakufundisha kazi."

Msomaji, wewe labda unaona bisibisi ni kitu gani. Kwangu ilikuwa maisha. Mtu asiyeweza kuongea na watu anaweza kuongea na mashine. Mashine haikuulizi kwa nini unatazama chini.

Asubuhi ile ya kufuli zilikuwa zimebaki siku kumi na tisa.

Garini dada alikaa dirishani. Amejipaka, amevaa gauni la kutokea, simu haitoki mkononi.

"Umependeza hivyo kwenye vumbi hili," Baba Mdogo akamtania. "Kuna mtu anakuoa huko mbele na mimi sijaambiwa?"

"Kwani mtu akijipenda ni kosa?"

"Siyo kosa. Ila viti hivi havijazoea."

Mimi nilikuwa katikati yao. Nilimfikiria muuza nyuzi. Kule tulikotoka alikuja mara nne kutuuzia nyuzi, sisi tusioshona. Mara zote nne dada alinunua.

Mlima ukaanza. Nusu ya mlima, pa! Tairi la trela, upande wa majani.

Sasa elewa jambo moja. Breki ya mkono ya pikapu ile ilikuwa pambo, na gia zilikuwa zinaruka zenyewe. Bila kabari, kwenye mlima, ule msafara wote unarudi ulikotoka.

Baba Mdogo hakupaniki. Akamwambia dada, "Njoo kwenye usukani. Kanyaga breki. Usitoe mguu mpaka niseme." Akanigeukia. "Kimya, pembetatu na kabari."

Nilikuwa chini kabla hajamaliza.

Nikavua ufunguo, nikafungua, na sanduku likanionyesha begi. Juu ya begi, vile viatu. Nyuma yake, michoro yangu yote mitupu. Mchoro wa jeki. Mchoro wa spana. Kabari nne, mitupu minne.

"Kabari," Baba Mdogo akaita kutoka upande wa barabara, kwenye gurudumu zima.

"Zinakuja," nikasema.

Nikamsikia akiburuta jiwe. Anazuia gurudumu mwenyewe.

Mkono ukanipita begani, ukalishika begi. Nikageuka. Dada.

"Toka hapo, nipe."

"Vifaa viko wapi?"

"Chini ya kitanda. Nifichie, mdogo wangu. Leo tu. Ananisubiri kituo cha mafuta, hapo mbele tu."

"Dada, breki."

"Nini?"

"Nani amekanyaga breki?"

Akautazama mguu wake, kama mtu aliyeusahau mahali.

Halafu tukasikia jiwe linasaga. Trela likasogea nyuma, taratibu kabisa, kama hatua moja na nusu, likagota kwenye ukingo wa udongo.

Baba Mdogo hakupiga kelele. Alisema, "Mguu wangu," mara moja, kwa sauti ya kawaida. Hiyo ndiyo sauti inayoniamsha mpaka leo.

Dereva wa lori akasimama, na wenzake wakashuka. Wakaweka kabari zao, jeki yao, wakamtoa. Yule dereva akaliangalia sanduku langu zuri, tupu.

"Trela lina mahali pa kabari na kabari hakuna?" akauliza. "Nani anashughulika na hivi vitu?"

Begi la dada lilikuwa tayari limelala kwenye majani marefu.

"Ni huyu," dada akasema. Hakupandisha sauti. "Sanduku ni lake. Ufunguo anao peke yake."

Halafu akaongeza, akimtazama Baba Mdogo, "Mimi breki nilikanyaga. Imeteleza."

Wote wakanigeukia. Nikafungua mdomo.

Mnajua kilichotoka. Hakuna.

Hospitali walisema mguu umevunjika mahali patatu. Jioni Baba Mdogo akaniita karibu na kitanda.

"Mwanangu."

"Abee."

"Kazi moja tu nilikupa."

Akafungua kiganja. Nikavua ule uzi shingoni nikauweka hapo, na ufunguo wake. Bisibisi hakuitaja. Hakukuwa na haja.

Dada alikuwa nyuma yangu, ameniwekea mkono begani, ananifariji mbele ya watu. Nilitaka kuutoa ule mkono. Sikuweza hata hilo.

Usiku wa kabla ya safari, ufunguo alinivua nikiwa nimelala. Sisi tulikuwa tunalala mzungu wa nne, kwa hiyo ni lazima aliamka, akageuka, akaja mpaka kwenye kichwa changu, akanyanyua uzi. Akatoka nje akapakia. Akaja tena kunivisha. Najiuliza kama alinitazama usoni.

Na mahali alipochagua ni pazuri, siwezi kusema uongo. Angeniomba ufunguo pale kituoni, "nipe nichukue glavu", ningempa bila swali. Hapandi, hainami. Anachukua, anaondoka. Kila sababu iliyonifanya niliweke sanduku pale ilimfaa na yeye.

Siku ya tatu, wodini, akasema, "Nakwenda kununua maji."

Chupa ya maji ilikuwa mezani, imejaa.

Hakurudi.

Sasa ni mwaka na miezi kadhaa. Mguu wa Baba Mdogo ulipona ukiwa umepinda. Anaendesha polepole, lakini kuchuchumaa hawezi, na mashine nyingi zinataka mtu achuchumae. Kwa hiyo anakaa kwenye kiti anaelekeza, mikono ni yangu. Bisibisi nimepata. Alinipa kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine, siyo kwa kuwa siku kumi na tisa zilitimia.

Na kazi naijua. Kuna wamama wanafika na mashine, wanasema, "Tunamtaka yule asiyeongea."

Ila ufunguo hajanirudishia.

Kila asubuhi ya safari anachechemea mpaka kwenye sanduku, anafungua mwenyewe, anataja kwa sauti ili nisikie. "Pembetatu. Kabari nne. Spana. Jeki." Anafunga. Tundu linatazama juu. Namsubiri aondoke, naligeuza.

Wiki iliyopita dada alipiga simu. Mara ya kwanza tangu aondoke.

"Bubu wangu, hujambo?"

"Sijambo."

"Mzee mguu vipi?"

"Anatembea."

"Ulimwambia?"

"Sikumwambia."

"Nilijua tu." Akacheka, kile kicheko cha rangi ya kucha. "Ndiyo maana nakupenda. Unajua ningekuchukua, ila ungeishije kule? Watu wageni, na wewe huongei. Nilikuonea huruma."

Nikakata simu. Ni mara yangu ya kwanza kumkatia mtu.

Wenye trela na wote mnaovuta mizigo, someni hapa. Vifaa vya dharura viwekeni nje, upande usio wa magari, mahali mnapofikia kwa kusimama. Kila kifaa kiwe na mchoro wake. Na kabla hamjaondoka, fungua utazame kwa macho yako, hata kama ufunguo umelala nao shingoni.

Hilo ndilo funzo. Ningeweza kuishia hapo, na wengi mngemlaani dada mkanionea huruma.

Lakini mwanzoni nimesema niliona kufuli, nikaligeuza, nikapanda gari. Kati ya kuligeuza na kupanda gari kuna kitu nimekiruka. Nimekiruka kwenu, nilikiruka kwa Baba Mdogo, na kwa dada pia.

Nilifungua.

Asubuhi ile, kabla hatujaondoka, nilifungua sanduku. Niliiona michoro mitupu. Niliona begi. Kabari zilikuwa hatua nne kutoka pale, chini ya kitanda, mahali pake pa zamani, na nilikuwa na muda wa kuzirudisha zote. Baba Mdogo, nilijua. Nilipokuambia zinakuja, nilijua hazipo.

Sikuzirudisha kwa sababu ningezirudisha, dada angejua nimeliona begi. Na mimi nilitaka kumpa nafasi; tulikuwa tumeapa. Nilidhani labda hajamaliza kupakia.

Maana begi nililifungua, dada. Nikatoa viatu, nikatoa nguo zako moja moja, mpaka chini kabisa. Nikazirudisha kama ulivyozikunja.

Nilikuwa natafuta gauni langu.