Mahali pa Kulilia

Nilipokuwa mtoto niliuchukia uwazi wa kwetu. Nyumba yetu, upande wa Kitangari, ilikaa peke yake katikati ya mikorosho, na kumfuata rafiki wa kucheza naye ilikuwa safari ya kubebea muhogo wa njiani. Nikaapa kwamba nikikua nitakaa mjini, penye watu. Haya, nikapewa watu!

Temeke nilipanga chumba ambacho kuta zake hazikufika juu. Nikipiga chafya, jirani wa chumba cha mwisho ananiombea afya. Nikikaanga dagaa, mama mwenye nyumba ananuna mpaka aonjeshwe. Mume na mke wa chumba cha pili wakigombana, nyumba nzima inajua nani mwenye makosa, na asubuhi tunawasalimia kwa upendeleo. Hayo ndiyo maendeleo niliyokuwa nikiyalilia.

Mwaka mmoja baada ya baba kufariki nikapata likizo kiwandani nilikoajiriwa. Njia nzima, mpaka lori la korosho lilipomaliza kupanda mlima kutoka Masasi, nilitamani kitu kimoja tu: kukaa uani kwetu nisisikie mtu akikohoa.

Lo! Nyumba haipo. Watu wote wamehamishiwa barabarani kwenye kijiji cha Ujamaa, nyumba zimenyooshwa kwa kamba kama matuta ya viazi. Kwetu mgeni hupiga hodi angali mbali, ili wenyeji wapate kujifunga kanga vizuri. Nami nikasimama mwanzo wa mstari, nikapaza hodi yangu ileile ya zamani. Mstari mzima ukaitika karibu. Wakatoka wote, wakaanza kuukagua mzigo wangu. Mama tu ndiye hakutoka.

"Mama yako yuko kwenye mahame," wakaniambia, wakimaanisha kwetu kwa zamani, alikozikwa baba.

Na hiyo ndiyo ilikuwa kesi yenyewe. Kwetu mwanamke akiangua kilio kwa sauti, maana yake kuna msiba, na watu huacha chungu motoni wakaja. Mama, baada ya kuhamishiwa pale, alimkumbuka baba mchana mmoja akalia kama alivyozoea kulia kwake. Majirani wote wakajaa ndani kwake, mmoja na kuku wa matanga mkononi.

"Amekufa nani?"

"Ni yuleyule," mama akasema.

Wakarudi na kuku wao, wamenuna. Alipolia tena, mwenyekiti wa kijiji akamwonya aache kutia watu hofu. Ndipo akaanza kwenda kulia kule mahame, na mwenyekiti naye akatangaza kuwa anayerudi mahame anapinga maendeleo. Maskini mama yangu, mpinga maendeleo kwa machozi!

Kufika kwangu kukawafurahisha wakubwa: shahidi kutoka Dar! Mkutano ukaitishwa, mama naye akaitwa, nikasimamishwa mbele.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, binti yetu. Wewe unaishi na watu ukuta kwa ukuta. Hebu mweleze mama yako raha yake, ili aiache hiyo njia ya mahame kwa hiari yake. Asipoiacha kwa hiari, tutamzuia."

Hiari ya namna gani hiyo? Kabla sijafungua mdomo, mama akanitangulia, kwa sauti ya chini.

"Mwanangu, ukimkumbuka baba yako huko mjini, unalilia wapi?"

"Chooni, mama. Na nako wananigongea mlango, wana foleni yao."

Watu wakaangua kicheko. Nilitaka kucheka nao, nikajikuta nalia palepale, mdomo wazi, kilio ambacho nilikuwa sijakitoa tangu tulipomzika. Kicheko kikakatika. Wanawake wakainamisha vichwa. Mwenyekiti akatafuta neno la serikali la kunyamazishia mtu.

Mwishowe akatoa uamuzi: mama anaruhusiwa kwenda mahame, ilimradi iwe ni kupalilia mikorosho, si kulia. Mama akapiga goti, akamshukuru sana, akamwombea na maisha marefu.

Kesho yake tulikwenda wote wawili, na hakuna aliyebeba jembe.